Aliyeona Ndiye Aliyeharibu

Chumba cha juu,
Nyumba ya geti jeusi,
Nyuma ya ghala la saruji.
Jumapili, mwezi wa sita.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, dada yangu. Kabla sijasema lolote nataka kujua umeamkaje, presha yako inakwendaje, na kama zile dawa unazimeza kila siku au unasubiri mpaka kichwa kikugonge ndipo uzikumbuke. Nakujua. Na shemeji, mgongo wake umenyooka? Mwambie namcheka huku huku niliko, maana aliyekuwa akijisifu kwamba uzee hauna namba yake, leo anafungwa kamba za viatu na mkewe.

Watoto nao hawajambo? Mama Mkubwa bado anakataa kuvaa miwani na bado anawasalimia watu kwa majina ya wengine? Mwambieni simlaumu. Akiniita kwa jina la marehemu baba nitaitika.

Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia. Umefungwa kitambaa kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, na kalamu naishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyemkamata panya kwa mkia. Ukiona herufi zimelala, usidhani nimeanza kunywa. Hata siku za afya mwandiko wangu haukuwa wa kutembeza. Mimi na shule tuliachana mapema, na hakuna aliyemlilia mwenzake.

Najua yule dereva wa lori amepita hapo kwenu akawaambia nimekatika mkono na nimefukuzwa ninapokaa. Mdomo wa bwana yule unabeba mizigo mingi kuliko lori lake. Nusu ya aliyosema ni kweli, na hiyo nusu nimeona ni heri uipate kwangu. Kaa chini kwanza. Nilipata hofu, dada, ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe, na mpaka leo haijanitoka.

Nyumba tunayokaa ni ya ghorofa moja. Juu tuko wanaume watatu. Kuna mimi, kuna mchomeleaji mmoja tunayemwita Cheche, na kuna mwenzetu anayepika kwenye kantini ya kiwanda, huyo tunamwita Mpishi basi. Ni mnene, mpole, na anaogopa kila kitu mpaka paka. Chini anaishi Bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba. Miguu ya Bibi iliacha kazi zamani. Kutwa yuko kitandani, na kitanda chake kimewekwa mahali anapoweza kuliona geti, aone nani anaingia na nani anatoka. Yuko mama mmoja anayekuja kumwogesha na kumlisha, lakini Jumapili huchelewa kufika.

Jikoni kwetu kuko juu ya chumba cha Bibi. Sinki yetu iko sawasawa juu ya kitanda chake.

Sasa uelewe sheria ya nyumba hii, maana bila hiyo utatuona wajinga. Mwenye nyumba ana neno moja tu: aliyeona ndiye aliyeharibu. Ukimwambia taa imeungua, basi wewe ndiye uliyeiunguza. Ukimwambia kitasa kimelegea, wewe ndiye uliyekilegeza. Aliyekuwa akilala kitanda changu kabla yangu alikwenda kwake kwa heshima zote, akamwambia mlango wa choo haufungi. Akaambiwa afungashe. Ndivyo mimi nilivyopata nafasi. Kwa hiyo humu ndani hakuna anayeona kitu. Tunaishi vipofu watatu wenye macho sita.

Chini ya sinki kuna bomba linalopanda kutoka sakafuni, na katikati yake kuna koki ya shaba ya kufungia maji, ile yenye kishikio cha duara. Bomba lile lilikuwa linavuja hapo hapo kwenye shingo ya koki. Nilipohamia nililikuta limefungwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mimi nami nikaongeza changu juu, nikafunga mlango wa kabati, nikanyamaza. Baadaye nikajua Cheche alikuwa ameongeza chake, na Mpishi chake. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Bomba lilikuwa limenenepa kama goti lililofungwa bandeji, na ndani ya ule mpira koki ilikuwa inaoza taratibu, maji yakishuka kimya kimya kupitia sakafuni.

Jumapili moja nilishuka kumsalimia Bibi kama kawaida yangu. Hupenda nimsimulie habari za ghalani ninakobeba saruji, nani kaangukiwa na mfuko, nani kagombana na msimamizi. Yeye hutuita waume zake wa ghorofani, na mimi, eti, ndiye mume mdogo asiyeleta kitu.

Nilipoingia nikamkuta amekumbatia beseni. Liko juu ya shuka, katikati ya magoti yake, na tone linadondoka ndani. Tii. Kisha tena, tii. Nikainua macho. Ubao wa dari juu yake ulikuwa umetuna kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa. Katikati una rangi ya chai. Na maji yalikuwa yanatambaa kufuata waya wa taa.

“Bibi, hii nini?”

“Nini nini? Umeona nini?”

“Dari, Bibi!”

“Hukuona kitu,” akaniambia, na alinikazia macho. “Umekuja kunisalimu, umenisalimu. Nenda kapumzike.”

Nikataka kukivuta kitanda. Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Alisema kitanda kikisogea, mwanawe atauliza kimesogezwa kwa nini, na akiuliza ataona. Na akiona atatutoa sote watatu, ajaze juu mizigo yake ya biashara. “Nyinyi mnafikiri mnanipigia kelele kwa viatu vyenu,” akasema. “Mimi nikisikia viatu najua bado niko duniani. Mizigo haitembei, mume wangu.”

Alikuwa ameficha beseni lile tangu baridi ya mwaka jana. Yule mama anayemhudumia alikuwa ameapishwa asiseme.

Dada, nilipanda ngazi mbio. Nilizima swichi kuu kwanza, maana maji na umeme ukivikutanisha havisuluhishwi. Kisha nikawaita wenzangu jikoni nikawaambia. Cheche akageuka upande wa ukuta.

“Mimi sikusikia. Ukiona umeharibu. Mimi nimetulia zangu.”

“Dari linaanguka, Cheche!”

“Limeniambia mimi?”

Mpishi alikuwa ameshika kikombe cha chai. “Mimi macho yangu yananisumbua tangu nihamie,” akasema. Halafu akakiweka kikombe chini. “Linaanguka kweli?”

Nikafungua kabati nikaanza kukata mipira yote ile kwa kisu. Ilipotoka ndipo tulipoona tulichokuwa tunakifuga. Koki ilikuwa kijani kwa kutu, na shingo yake imeliwa imebaki nyembamba. Maji yaliyokuwa yakitoka tone tone sasa yakawa uzi. Hakukuwa na la kufikiri tena, ilibidi ifungwe. Nikaishika nikazungusha. Ilikuwa kama nimeshika jiwe. Nikajaribu kwa kitambaa. Nikatia mafuta ya kupikia. Mpishi akachemsha maji tukaizungushia tambara la moto ili ilegee. Haikutikisika. Koki ambayo haijaguswa miaka na miaka huwa si koki tena, imekuwa sehemu ya bomba.

Lipo sanduku la chuma karibu na geti lenye koki kubwa ya nyumba nzima, lakini lina kufuli, na ufunguo anakaa nao mwenye nyumba. Alikuwa safarini. Kuvunja kufuli la mwenye nyumba kulituogopesha kuliko maji. Ndivyo tulivyokuwa, dada, na sikufichi.

Nikasema tumtoe Bibi kwanza. Cheche akasema, “Koki tu hiyo, unataka kumhamisha mama wa watu kama moto umewaka? Lete spana.” Nami nikaona aibu kuonekana mwoga, nikaleta spana.

Niliingia chini ya sinki kwa mabega. Nikaibana spana, nikavuta polepole. Ikalia kidogo. Nikavuta tena, ikasogea, nakuapia ilisogea, na ule uzi wa maji ukapungua. Cheche nyuma yangu akaanza kucheka, “Si nilikwambia?” Nikavuta mara nyingine.

Shingo ikakatika.

Sijui nikueleze vipi maji yalivyotoka. Yalinipiga usoni nikashindwa kuvuta pumzi. Kishikio kimebaki kwenye spana, na mbele yangu tundu linatema. Nikaziba kwa kiganja nikakandamiza kwa uzito wangu wote, na ile shaba iliyovunjika ikaingia nyamani. Sikusikia maumivu. Nilikuwa nasikia kitu kimoja tu, maji yanayopita pembeni ya mkono wangu yakimiminika kwenye sakafu na kwenda chini. Nilipiga kelele, “Bibi! Mtoeni Bibi!” Nikasikia miguu ikishuka ngazi, siwezi kujua ya nani. Kisha nikabaki peke yangu na kichwa changu ndani ya kabati.

Nikiutoa mkono, maji yote yanamshukia yeye. Nisipoutoa, siwezi kwenda kumwona.

Halafu nikasikia kishindo chini yangu. Kizito, kipana, kama shehena ya mifuko imeporomoka. Sakafu ikatetemeka mpaka kwenye magoti yangu. Vumbi likapanda kwenye nyufa. Kisha kimya.

Nikaita, “Bibi!” Kimya. “Mpishi!” Kimya. Dada, hapo ndipo nilipojua hofu ni nini. Watu husema moyo unadunda. Wangu haukudunda, uliacha. Nilimwona vile nilivyomwacha, amekumbatia beseni lake. Nikaanza kuomba, na maneno ya kuomba yalinipotea, nikawa nasema samahani, samahani tu, kwa bomba. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye vidole vyangu yalikuwa mekundu.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kisha kutoka nje, upande wa geti, nikasikia sauti ya mwanamke mzee ikifoka.

“Gonga hapo juu, siyo pembeni! Gonga kama mtu aliyekula! Wewe ni mchomeleaji au ni pazia?”

Nililia, dada. Nimo chini ya sinki, nimelowa chapachapa, nalia kama mtoto na nacheka. Cheche alikuwa anavunja kufuli kwa nyundo, na Bibi alikuwa juu ya mgongo wa Mpishi anamwelekeza. Kufuli likavunjika, koki kubwa ikazunguka, na tundu chini ya kiganja changu likakohoa likanyamaza.

Mpishi ndiye aliyeshuka. Yeye anayeogopa paka. Alinieleza baadaye kwamba alimkuta Bibi ameng'ang'ania dirisha, anamwambia hatoki bila kitambaa cha kichwa, watu watamwona mvi. Hakubishana naye. Alimwinua kama sufuria, akatoka naye, na alikuwa bado mlangoni dari lilipokuja chini. Alisema upepo wake ulimpiga mgongoni. Nilipokwenda kuangalia, ubao ulikuwa umelala juu ya kitanda na misumari yake imeingia kwenye mto.

Mwenye nyumba alifika kesho yake asubuhi. Bibi alikuwa kwenye godoro ukumbini, sisi watatu tumesimama kama watuhumiwa, mimi na mkono wangu uliofungwa shuka. Akaingia chumbani, akakaa humo kidogo, akatoka. Hakuuliza mama yake ameumia wapi. Akauliza swali lake.

“Nani aliona kwanza?”

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mimi. Tulikuwa tumekubaliana nusu, yaani mimi nilikuwa nimekubali na wenzangu walikuwa wameangalia chini. Lakini nilichelewa. Nikawa nafikiria nitalala wapi, na ghalani nitasema nini na mkono huu. Nikafungua mdomo.

“Mimi,” akasema Bibi.

“Mama, nyamaza.”

“Sinyamazi. Niliona tangu baridi ya mwaka jana, nikatega beseni. Sheria yako inasemaje? Aliyeona ndiye aliyeharibu. Haya, nifungashie.” Kisha akamgeukia Mpishi. “Wewe mnene, lete mgongo, twende zetu.”

Na Mpishi, dada, mbele ya mwenye nyumba, akachuchumaa kando ya godoro akaweka mgongo.

Mwenye nyumba alisimama pale. Akamwangalia Mpishi, akamwangalia mama yake aliyekwisha kunyoosha mikono. Akarudi chumbani. Nilimwona kupitia mlangoni amekaa kwenye ukingo wa kile kitanda, anagusa misumari kwenye mto kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Akatoka, akaondoka na gari. Aliporudi alikuwa na fundi bomba na fundi wa dari.

Hapo ndipo nusu ya habari ya yule dereva inapoishia. Hajatufukuza. Lakini pia hajasema tukae. Sheria yake hajaifuta wala hajaitamka tena. Gari lake likipiga honi getini naanza kuhesabu nguo zangu, na Cheche ambaye zamani alikuwa na majibu ya kila kitu siku hizi huingia chooni mpaka bwana yule aondoke. Mkono ulitunga usaha ukanipa homa. Sasa unakauka. Msimamizi ghalani ameniweka kwenye kufagia kwa muda, na kila asubuhi nakwenda nikiogopa kwamba leo ataniambia basi. Usiwaambie wengine hili la ghalani. Nimekwambia wewe.

Fundi bomba alipomaliza koki mpya alituonya. Koki ya namna hii, akasema, isiachwe kukaa. Kila wiki mtu aifunge kabisa na kuifungua, la sivyo nayo itashikana kama mwenzake. Akauliza nani atafanya kazi hiyo. Cheche akamtazama Mpishi, Mpishi akanitazama mimi. Ikawa yangu.

Kwa hiyo kila Jumapili naingia chini ya sinki. Ni mpya, laini, mtoto angeizungusha. Lakini nikiishika mkono wa kushoto unatetemeka, na masikio yangu yanasubiri kishindo. Siwezi kuigusa kabla sijashuka chini kukivuta kitanda cha Bibi mpaka ukuta wa pili. Dari ni jipya na fundi ameniapia, bado navuta. Bibi hunicheka. Ananiuliza mume gani huyu anayeliogopa bomba. Namwambia acheke tu, lakini aachie dirisha. Siku hizi anaachia.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja, usiwajumlishe. Nisalimie Mama Mkubwa, na binamu Kijiko, umwambie akome kumpa yule dereva chai, ndiyo inayomlegeza ulimi. Shangazi wa mtaa wa juu naye mwambie nimemkumbuka, hata kama bado amekasirika.

Ningeandika zaidi lakini vidole vimechoka, na Bibi anagonga dari kwa fimbo. Anauliza leo ni Jumapili au siyo, na kama nimemsahau pale chini ya sinki. Nashuka.

Mungu akulinde wewe na kila anayelala chini ya paa lako, awape usingizi usio na masikio.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda hata mkono ukitetemeka.